Chai ya Ndimu Kavu Isiyo Chungu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuanika Hadi Kikombeni

Malalamiko kuhusu chai hii ni mawili, na yanarudi yale yale. La kwanza: "Nimeanika ndimu, wiki haijaisha zimeota ukungu." La pili: "Nimeletewa lumi (ndimu kavu) nzuri kabisa kutoka Maskati, nimeichemsha vizuri, chai imetoka chungu kama shubiri." Neno la kuangaliwa hapo ni "nimeichemsha vizuri". Tutalifikia.

Ukungu unaletwa na maji. Uchungu unaletwa na mbegu pamoja na moto mwingi. Karibu kila hatua iliyomo humu ina kazi moja kati ya mbili: kuyatoa maji kabla ukungu haujawahi, au kuzizuia mbegu zisifike kwenye sufuria.

Chai yenyewe ni ile ya Ghuba na Iraki. Ndimu ndogo nzima hukaushwa mpaka ikawa ya kahawia au nyeusi, ikavunjwa, ikatiwa kwenye maji ya moto, ikachujwa na kutiwa sukari. Haina majani ya chai ndani yake, kwa hiyo haina kafeini. Ni chai ya kunywa usiku baada ya chakula kizito, na ukalala.

## Mwenye haraka anunue

Kukausha nyumbani kunachukua wiki tatu hadi sita. Kama hamu ni ya wiki hii, nunua zilizokwisha kukauka, uruke moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Kwa wauza viungo wa Oman na kwa Waswahili wenye ndugu huko, ulizia lumi. Ukiwa Ulaya au Amerika, ingia duka la Wairaki au la Wairani. Mwiraki ataielewa kwa jina la numi Basra, Mwirani kwa jina la limu amani. Usishtuke ukiona pakiti imeandikwa Guatemala, kwa sababu nchi hiyo hukausha ndimu nyingi kwa ajili ya soko la Mashariki ya Kati, na ni ndimu nzuri.

Chagua zilizo nyepesi mkononi, nzima, zisizo na tundu la mdudu. Za kahawia hafifu zina ukali wa ndimu uliochangamka zaidi. Nyeusi zina ladha nzito, yenye kama moshi kwa mbali. Kwa anayeanza ningesema achukue za kahawia: zinasamehe makosa.

Ya unga uiache. Mara nyingi husagwa pamoja na mbegu zake, na hakuna namna ya kuzitoa tena.

## Mahitaji

Kwa kukausha:

- Ndimu mbichi kilo 1 au 2. Ni zile ndogo za duara, zenye ngozi nyembamba. Malimao makubwa hayafai, kwa kuwa ngozi yake ni nene na maji ya ndani hayapati pa kutokea.
- Chumvi, vijiko 2 vya chakula kwa kila lita ya maji.
- Sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ile inayoitwa stenlesi, au ya enameli.
- Ungo, chekeche pana au chanja ya waya au fito.
- Kipande cha chandarua kuukuu kisicho na dawa, cha kufunikia.
- Mizani ya jikoni, kama ipo. Si lazima, ila inamaliza ubishi.

Kwa kupika (vikombe vitatu):

- Ndimu kavu 2 za ukubwa wa kawaida.
- Maji mililita 750.
- Sukari au asali.
- Iliki 2, ukipenda.
- Kitambaa safi, mchi, kisu chenye ncha, chujio la matundu madogo, na birika la kauri au kioo.

Kuhusu sufuria, najua sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini. Kwa kazi hii ziweke kando. Asidi ya ndimu hula alumini: sufuria hubadilika rangi, na kinywaji hupata ladha ya chuma. Kama huna nyingine, chemsha maji matupu kwenye alumini, kisha yamimine kwenye birika la kauri lenye vipande vya ndimu. Itatosha.

## Hatua ya 1: Chagua ndimu moja moja

Usinunue fungu bila kuligusa. Unatafuta ndimu zilizokomaa, zinazoanza kuacha kijani na kuelekea manjano, zenye ngozi laini na inayong'aa. Ndimu changa zina maji machache na zikikauka hubaki gamba tupu.

Zitoe zote zenye jeraha, alama ya kucha, au doa laini karibu na kikonyo. Hapo ndipo ukungu wa kijani wa machungwa na ndimu huingilia, na ukiingia kwenye moja hurukia jirani zake kwenye ungo. Ndimu yenye jeraha ina kazi nyingine jikoni. Ikamulie kachumbari.

Jaribu pia zilingane ukubwa. Ndogo na kubwa zikichanganyika, ndogo zitakuwa tayari wakati kubwa bado zina maji, nawe utazitia zote kwenye chupa siku moja. Chupa nyingi huharibika kwa namna hiyo.

## Hatua ya 2: Osha, kisha chemsha kwa chumvi dakika 3 hadi 5

Osha kwa maji safi, ukizisugua kwa kiganja. Zilizonunuliwa dukani Ulaya mara nyingi zimepakwa nta, kwa hiyo zisugue kwa brashi na maji ya moto. Nta ikibaki, maji hayatoki.

Chemsha maji na chumvi. Yakianza kutokota, tia ndimu, na uhesabu dakika 3. Zipindue kwa mwiko. Utaona kijani kibichi kinafifia na kuwa kijani cha zeituni. Rangi hiyo ndiyo saa yako. Ikienea ndimu nzima, epua. Zikiwa kubwa kidogo, fika dakika 5, usizidi.

Maji ya moto huua vijidudu vya ukungu vilivyoko juu ya ngozi na kuilegeza ili maji ya ndani yapate njia. Chumvi inayobaki juu yake hufanya makazi ya ukungu kuwa magumu. Wapo wanaoanika bila kuchemsha, hasa kwenye hewa kavu. Pwani kwetu sikushauri.

Ukizidisha, ngozi itapasuka. Ndimu iliyopasuka huvuja, hunata, huita nzi, na haikauki ikabaki nzima. Ukizikuta zimepasuka mbili tatu, zitenge uzitumie kwa pilau ya siku hiyo.

Zichuje, zitandaze kwenye kitambaa, uache zipoe na zikauke juu kabisa kabla ya kuzipeleka nje. Usizisuuze, chumvi ibaki.

Na usizitoboe. Swali hili linaulizwa sana, kwa kuwa inaonekana kama tundu litaharakisha. Tundu linatoa maji ya sukari na asidi juu ya ngozi, halafu linaufungulia ukungu mlango. Ndimu nzima hukauka taratibu, lakini hukauka salama.

Tahadhari ya ngozi yako. Maji ya ndimu yakiwa mkononi, kisha mkono ukapigwa na jua, ngozi inaweza kuungua, ikatoa malengelenge na kuacha madoa meusi ya muda mrefu. Jua peke yake halifanyi hivyo, wala ndimu peke yake. Zikikutana ndipo shida. Nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kutoka nje na ungo.

## Hatua ya 3: Anika, na siku za mwanzo uzichunge

Walioko bara ya Oman wana bahati. Kiangazi joto hupita nyuzi 40 na hewa ni kavu, ndimu zikaanikwa zikaachwa, zikajikaukia. Zanzibar, Tanga, Lamu au Mombasa jua lipo, lakini hewa yenyewe imebeba maji. Ndiyo maana maelekezo ya Maskati yakifuatwa neno kwa neno Unguja yanatoa ukungu.

Miezi ya kuaminika pwani ni Januari na Februari, na baadaye Juni hadi Septemba, ingawa hata hapo mvua ya kupita haikosekani. Masika usianze kabisa.

Panga ndimu kwenye ungo au chanja, moja mbali na nyenzake. Zikigusana, pale zinapogusana ndipo ukungu huanza, kwa kuwa hewa haipiti. Ungo uinuliwe kutoka chini, juu ya matofali mawili au viti, upepo upite na chini yake. Sakafu ya saruji hutoa unyevu usiku. Bati nalo likiwaka jua huzipika ndimu upande mmoja zikapasuka, basi ukianika juu ya paa, weka ungo juu ya bati, si ndimu juu ya bati. Funika kwa chandarua, uzibane pembe kwa mawe.

Siku tano za mwanzo ndizo za hatari. Ndimu bado imejaa maji na chumvi ya juu ndiyo ulinzi pekee. Katika siku hizo:

- Zitoe nje jua likishapanda na umande kuisha, si alfajiri.
- Zigeuze angalau mara mbili kwa siku, ili upande uliokuwa chini upate hewa.
- Ziingize ndani kabla ya magharibi. Umande wa usiku mmoja unarudisha nyuma kazi ya siku nzima.
- Zishike kila moja. Iliyolainika mahali pamoja, au inayotoa maji, itupe hapo hapo.

Baada ya hapo ngozi huanza kukaza na kufifia, nawe unaweza kupumua. Geuza mara moja kwa siku. Wiki ya pili utakuta ndimu ngumu, ya kahawia, imesinyaa kidogo, na utashawishika kusema imekauka. Bado. Gamba ndilo lililokauka, na ndani kuna nyama yenye maji. Wengi huziingiza kwenye chupa wakati huu, kisha wananiandikia.

Endelea. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita, kulingana na ukubwa wa ndimu na hewa ya mahali, rangi huzidi kuzama. Nyingine hubaki kahawia, nyingine huwa nyeusi tititi. Ndimu za ungo mmoja hazilingani rangi, na hilo si kosa lako.

Ukikosa jua. Oveni inafaa kwa kumalizia, au kwa siku ya mvua iliyokuja ghafla: nyuzi 60 hadi 65, mlango uwe wazi kidogo kwa kubanwa na mwiko, ili mvuke utoke. Usipandishe joto ukitaka kuharakisha. Joto kali hulikausha gamba haraka mno, likaziba, maji yakafungiwa ndani. Walioko kwenye baridi wenye mashine ya kukaushia matunda waiweke kati ya nyuzi 55 na 60. Ndimu nzima huchukua siku kadhaa mfululizo, mara nyingi 3 hadi 6, kwa hiyo fikiria bili ya umeme kabla hujawasha kwa ajili ya ndimu kumi.

### Nyeupe juu ya ngozi: chumvi au ukungu?

Kuna watu wametupa ungo mzima kwa hofu ya chumvi, na wengine wamekunywa ukungu wakidhani ni chumvi.

Chumvi ni punje au vumbi kavu, limelala bapa juu ya ngozi. Ukipangusa kwa kidole kilicholowa linayeyuka na kuondoka. Ukungu una manyoya, umesimama, huanza kama duara jeupe kisha katikati hugeuka kijani au buluu, na ukiupangusa unaacha doa laini chini yake.

Ndimu yenye ukungu haiokolewi kwa kuosha, kukata kipande, wala kuchemsha tena. Wote tumesikia habari za sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Kanuni ya tahadhari ni hiyo hiyo: sumu za ukungu hazitoki kwa sababu umeondoa kile kinachoonekana. Tupa, na jirani zake uzichunguze.

## Hatua ya 4: Hakikisha zimekauka kweli

Chukua ndimu kubwa kuliko zote kwenye ungo, si ndogo. Ifanyie majaribio haya.

Igonge mezani. Iliyokauka hulia kwa mlio mwepesi wa kitu chenye uwazi ndani. Yenye maji hutoa kishindo kizito.

Itikise sikioni. Mara nyingi utasikia kitu kinacheza, nyama imejitenga na gamba. Isipolia si dalili mbaya, ikilia ni dalili njema.

Ipime. Ndimu mbichi karibu yote ni maji, kwa hiyo iliyokuwa na gramu 40 inatakiwa kushuka chini ya gramu 7. Kilo nzima ya ndimu mbichi hukuachia kama gramu 130 hadi 180. Ukipata gramu 300, una maji ya kutosha kuharibu chupa nzima.

Mwisho, ivunje. Gamba livunjike, lisijikunje. Ndani utakuta nyama nyeusi, iliyokauka ikashikamana na kuta kama ngozi ya kiatu. Nyeusi! Hapa watu wengi hushtuka na kudhani imeoza. Haijaoza, hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, hata zile zenye gamba la kahawia hafifu. Inuse. Harufu njema ni kali, chachu, yenye uchachu wa kitu kilichoiva mno, na kwa mbali moshi. Harufu ya kabati lenye uvundo maana yake tupa.

Kidole kikitoka na majimaji, rudisha zote juani siku tatu nne nyingine.

## Hatua ya 5: Hifadhi nzima

Ziache zipoe kivulini saa kadhaa, kisha uzitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Zikiingia na joto la jua zitatoa jasho humo ndani.

Wiki ya kwanza itazame chupa kila siku. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, zimwage zote kwenye ungo uzirudishe juani. Kioo kikibaki kikavu wiki nzima, umemaliza. Mahali pakavu penye giza zitakaa mwaka na zaidi.

Usizisage kuweka akiba. Harufu ya ndimu kavu imo kwenye mafuta ya ngozi, na ikishavunjwa huanza kutoroka. Vunja za siku hiyo tu.

## Hatua ya 6: Vunja na utoe mbegu, zote

Sasa tumefika kwenye lile neno "nimeichemsha vizuri".

Ndimu ina limonini, ambayo ndiyo inayotia uchungu, na imejaa zaidi kwenye mbegu na kwenye vile viwambo vyeupe vya ndani. Kwa ndimu mbichi uliyoikamulia samaki huisikii sana. Lakini asidi, joto na muda vikikutana, uchungu uliokuwa umelala huamka. Mtu akitupa ndimu nzima au iliyopondwa na mbegu zake ndani ya maji, akaiacha itokote robo saa, chai imetengenezwa kuwa chungu kwa makusudi, ingawa mpishi hakujua.

Fanya hivi. Suuza ndimu mbili kwa maji ya baridi, upesi, kutoa vumbi na chumvi ya juu. Zifute. Zifunge ndani ya kitambaa, uziweke juu ya ubao, uzigonge kwa mchi mara moja au mbili. Nguvu ndogo inatosha. Unataka vipande vinne vitano vikubwa, hutaki unga. Ukiponda, unavunja na mbegu, na mbegu iliyovunjika ni mbaya kuliko iliyo nzima.

Fungua kitambaa. Mbegu ni ndogo, za rangi ya maziwa yaliyoungua au kahawia, nyingine zimelegea na zitaanguka zenyewe ukikung'uta kipande. Nyingine zimegandia kwenye nyama nyeusi, na hizo zinahitaji ncha ya kisu. Ipitishe chini ya mbegu uichokoe. Katikati ya ndimu pana uzi mweupe mgumu unaotoka kwenye kikonyo kwenda chini. Ung'oe na huo.

Nyama nyeusi usiitupe. Wengine huibandua wakidhani ni uchafu, wakabaki na magamba. Uchachu wote umo humo.

Kisha tia vipande kwenye chujio, upitishe maji ya baridi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Hii inaondoa vumbi na vipande vidogo vya mbegu ambavyo jicho halikuviona.

Kazi hii yote haizidi dakika tano. Kama kuna hatua moja ya kutoiruka, ni hii.

## Hatua ya 7: Pika kwa muda mfupi

Kuna njia mbili. Anza na ya kwanza.

Ya kuloweka. Chemsha maji mililita 750 mpaka yatokote. Zima moto. Tia vipande na iliki zilizopasuliwa, funika, hesabu dakika 8 hadi 10. Onja kwenye dakika ya 5 ili ulimi wako uanze kujua inakoelekea. Chuja. Chai hii ni safi, chachu, yenye harufu, na ni vigumu kuiharibu.

Ya kuchemsha. Maji yakitokota, tia vipande, punguza moto uwe mdogo kabisa, dakika 4. Zima, funika dakika 5 nyingine, chuja mara moja. Inatoka nzito zaidi na yenye rangi, na ndivyo wengi wanavyoipenda Iraki. Lakini saa uiweke mbele yako. Kutoka dakika ya 4 kwenda ya 15, hupati ladha mara tatu. Unapata uchungu tu.

Kuchuja ni sehemu ya mapishi. Ukiacha vipande ndani ya birika wakati wageni wanazungumza, kikombe cha pili kitakuwa chungu ingawa cha kwanza kilisifiwa. Na usichemshe vipande vile vile mara ya pili ili kuongeza vikombe. Uchachu ulishatoka mara ya kwanza.

Imefanikiwa ukiona rangi ya kahawia ya dhahabu, chai angavu, chini ya kikombe hakuna unga. Ukionja bila sukari, uchachu unafika kwanza, halafu harufu ya ndimu, halafu kwa mbali sana uchungu kidogo unaopita. Uchungu ukifika kwanza, rudi hatua ya 6.

## Hatua ya 8: Sukari na viungo

Baghdad huinywa tamu, kwenye bilauri ndogo, na sioni sababu ya kubishana nao. Anza na kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa kikombe, upandishe. Chachu hii inahitaji utamu kuliko chai ya kawaida. Asali ni nzuri, itie chai ikiwa imepoa kidogo ili harufu yake isipotee.

Iliki inaelewana nayo vizuri, na zaafarani nyuzi tatu nne pia. Kipande cha tangawizi kwa siku ya mafua. Karafuu naiogopa, kwa sababu moja tu inatosha kuifukuza ndimu kwenye birika, na mdalasini nao usizidi kijiti kidogo.

Maziwa, hapana. Yatakatika mbele ya macho yako. Majani ya chai nayo yana ukakasi wake. Ukiyaongeza juu ya uchungu wa ndimu unarundika mzigo.

Kwa siku ya joto, ipike ya kuloweka, itie sukari ikiwa moto, ipoze, kisha friji. Ikiwa baridi utamu hupungua ulimini, kwa hiyo zidisha kidogo.

## Imeshaharibika, ufanye nini

*Chungu.* Ongeza maji ya moto, sukari, na punje chache za chumvi. Si mzaha, chumvi kidogo hufifisha uchungu ulimini. Haitakuwa nzuri, itanyweka.

*Ina chumvi.* Hukusuuza ndimu kabla ya kuvunja. Iliyopo iongezee maji.

*Chachu ya kukunja uso.* Ndimu moja inakutosha kwa maji yale yale.

*Haina ladha wala harufu.* Ndimu ni kuukuu au ulitupa nyama nyeusi.

## Anayetakiwa kuwa mwangalifu

Iraki na Ghuba huinywa tumbo likisumbua, na ni desturi njema baada ya ulaji mwingi. Lakini ni kinywaji, si dawa ya ugonjwa wowote. Wala usiihesabu kuwa njia ya kupata vitamini C, kwa sababu sehemu kubwa hupotea kwa jua, muda na maji ya moto.

Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia asiinywe akiwa na njaa, na ikimsumbua aache. Mwenye dawa ambazo ameambiwa asizichanganye na balungi amuulize mfamasia kwanza, kwa sababu ndimu ni jamaa ya balungi na baadhi ya kemikali zake zinafanana. Mwenye shinikizo la damu azisuuze vizuri kutoa chumvi. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe yenye asali.

Meno pia. Asidi hulainisha juu ya jino kwa muda, kwa hiyo baada ya kikombe sukutua kwa maji, na mswaki usubiri nusu saa.

## Ndimu zilizobaki kwenye chupa

Chupa ikijaa kuliko hamu yako ya chai, zitie kwenye chungu. Hapa ruhusa ya kutoboa ipo: toboa ndimu kavu mara mbili kwa ncha ya kisu, uitumbukize nzima kwenye supu ya mbuzi, mchuzi wa samaki, au wali wa nyama kama wafanyavyo Ghuba kwenye makbusi. Nyama ikiiva, itoe. Usiikamue kwa mwiko ukutani mwa sufuria, mbegu bado zimo.